Beki wa kati usimguse ovyo: hesabu jozi kwanza

Kubadilisha kikosi kwa kuhesabu vichwa ni ugonjwa wa makocha wengi wa hapa kwetu, wa ndondo na wa Ligi Kuu ya Zanzibar vilevile. Juzi walicheza hawa, leo tunaingiza wanne wapya, keshokutwa watano. Hesabu hiyo haisemi kitu. Unaweza kubadilisha safu nzima ya mbele na timu isitikisike, kisha ukabadilisha beki mmoja tu wa kati ukafungwa mawili kabla ya mapumziko. Cha kuhesabu ni jozi zinazovunjika.

Chukua mabeki wanne (mbili wa kulia, tatu wa kushoto, nne na tano wa kati), kipa, na namba sita, kiungo mkabaji anayekaa mbele yao. Wanaofanya kazi pamoja dakika zote 90 ni hawa: mbili na tano, tano na nne, nne na tatu, kipa na tano, kipa na nne, namba sita na tano, namba sita na nne. Jozi saba. Ukimtoa beki wa kulia umevunja moja. Ukimtoa kipa, mbili. Namba sita, mbili. Ukimtoa beki mmoja wa kati umevunja nne kati ya saba, na ukiwatoa wote wawili haibaki hata moja. Beki wa pembeni ana jozi yake nyengine na winga wa mbele yake, lakini makosa ya pale hutokea mbali na goli na mara nyingi kuna mtu nyuma wa kuyafuta.

Bahati nzuri ni kwamba wanaochoka zaidi ndio wanaogharimu kidogo. Beki wa pembeni wa mpira wa sasa anapanda na kushuka mchezo mzima, mbio zake nyingi ni za kasi, na nyama za paja ndizo zinazomwangusha. Ukimwacha kipa, beki wa kati hukimbia umbali mdogo kuliko wachezaji wengine wote, na mbio za kasi anazo chache. Kwa hiyo mzunguko wa wachezaji uanzie pembeni na mbele. Katikati ya ukuta uguse kwa sababu, si kwa ratiba.

Watu husema "mabeki wamezoeana" bila kueleza wamezoea nini khasa. Tazama mpira mrefu wa kipa wa timu pinzani, Januari, kaskazi inavuma kwenye kiwanja kisichokuwa na majukwaa ya kuzuia upepo. Mpira unakuja, namba tano anatoka kwenda kuupiga kichwa. Namba nne hatakiwi kuwa mtazamaji: anarudi mita nne hadi tano nyuma ya mwenzake, kwa mshazari, wakati mbili na tatu wanabana ndani. Namba sita anasogea mbele ya wanaogombea, mita sita au saba, kuusubiri mpira wa pili. Namba nne aliyecheza na namba tano huyo muda mrefu anaanza kurudi mpira ukiwa bado unapanda, kwa sababu anajua mwenzake hupenda kuruka akitokea mbio na upepo ukiupeleka mpira nyuma hatoufikia. Mgeni hajui. Anasubiri aone. Hiyo nusu sekunde ya kutazamana ndiyo bao: ama wote wawili wanaruka na mpira unawaparaza vichwa, ama wote wanauacha udunde na namba tisa, mshambuliaji wa kati, anapita baina yao. Jukwaa litamtukana aliyekuwa karibu na mpira. Mara nyingi mwenye kosa ni yule aliyekuwa nyuma yake.

Kuotea ni hivyo hivyo, tena kukali zaidi. Watatu wakitoka na mmoja akabaki hatua mbili nyuma, washambuliaji wote wasiompita huyo wako salama, popote walipo kwenye upana wa uwanja. Mtego haukubali robo tatu.

Mifano ya nje inajulikana. AC Milan ya 1993/94, na Tassotti, Baresi, Costacurta na Maldini, ilichukua ubingwa wa Italia kwa kufunga mabao 36 tu katika mechi 34, kwa sababu iliruhusu 15. Leicester ya 2015/16 ilikuwa na beki wa kati Wes Morgan uwanjani kila dakika ya mechi zote 38. Lakini mfano wenye mafunzo zaidi kwa kocha wa timu ndogo ni Liverpool ya 2020/21. Mabeki wake wa kati waliumia mmoja mmoja: Van Dijk Oktoba, Gomez Novemba, Matip Januari. Kujaza pengo, Fabinho na Henderson walivutwa kutoka katikati ya uwanja na kuwekwa nyuma, na hapo timu ikawa imevunja ukuta na kiungo kwa mkupuo mmoja. Ikapoteza mechi sita mfululizo nyumbani, Anfield. Ilipomrudisha Fabinho kwenye nafasi yake na kuwaacha mabeki halisi wa kati, hata kama majina yao yalikuwa madogo, ilimaliza ligi ya tatu. Nat Phillips, mmoja wa mabeki hao, si Van Dijk, na hakuhitajika kuwa.

Ndiyo maana nasisitiza: namba tatu akiumia, ingiza namba tatu wa akiba, hata akiwa dhaifu kidogo. Usimhamishe namba nne pembeni na kumwita mwengine katikati. Njia ya kwanza inavunja jozi moja. Ya pili inavunja nne na kuwaweka watu wawili sehemu mpya. Kosa hili nadhani ndilo lililofungisha timu zetu mabao mengi kuliko uzembe wa makipa wote wa Unguja na Pemba.

Sasa kuna upande wa pili, na wanaopenda ukuta usiobadilika huusahau. Fainali ya Ulaya ya 1994 Athens, Milan iliwakosa Baresi na Costacurta pamoja, kwa kadi. Maldini akaingia katikati na Filippo Galli, Panucci akacheza kushoto, na Barcelona wakafungwa 4-0. Kwa hesabu yangu hapakuwa na jozi ya mabeki iliyosalimika. Kilichowaokoa ni kwamba Galli alikuwa mtu wa klabu ile kwa miaka, akifanya mazoezi kwenye mstari uleule, kwa kanuni zilezile. Akiba wa Milan alikuwa tayari kabla ya kuhitajika. Sisi tunahitaji hilo kuliko wao, maana beki wetu akionekana Bara wanamchukua katikati ya msimu, kama Ibrahim Hamad "Bacca" alivyotoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022.

Basi beki wa tatu wa kati, yaani wa akiba wa namba nne na tano, atengenezwe vipi? Kosa lililoenea ni kumweka kwenye timu ya pili, acheze mazoezini dhidi ya ukuta wa kwanza. Atakuwa hodari wa kukaba washambuliaji wenu na hatakuwa na jozi hata moja. Mtoe huko. Dakika 25 mara mbili kwa wiki zinatosha, kwa mpango huu.

Anza kwa kutembea, bila wapinzani. Mabeki wanne, kipa, namba sita. Kocha ameshika mpira mkononi na anazunguka nao. Mpira ukiwa katikati, baina ya beki na beki pawe na mita 8 hadi 10. Ukienda pembeni mstari unabana hadi mita 6 au 7, na beki wa upande wa mbali anaingia ndani. Mwenye mpira akipewa presha au akirudisha nyuma, wote wanatoka pamoja mita tano. Mwenye mpira akiwa huru na kichwa kimeinuka, wote wanashuka. Simamisha ghafla kila baada ya sekunde chache na upime kwa hatua, usikisie. Hapo hapo funga maneno: "toka", "shuka", "yangu", "una mtu". Manne yanatosha, na yawe hayo hayo kwa kila mtu, pamoja na wa akiba. Kipa mmoja akisema "panda" na mwengine "toka", siku ya mechi mabeki watachelewa.

Kisha mipira mirefu 20 kutoka mstari wa kati, kumi ya moja kwa moja na mitano kutoka kila upande, na washambuliaji wawili wakigombea. Katika hiyo 20, beki wa tatu acheze minane: minne na namba tano, minne na namba nne. Asiingie hata mara moja na wa akiba mwenzake. Hiyo ni jozi usiyokusudia kuitumia. Malizia na kona nane. Kwenye karatasi ya kona, kila eneo liwe na majina mawili, la kwanza na la akiba, maana beki wa kati akitoka dakika ya 60 mara nyingi hakuna aliyeambiwa nani sasa anasimama nguzo ya karibu.

Kwenye mechi, mpe beki huyo wa tatu dakika ukiongoza kwa mabao mawili baada ya dakika ya 70, kwa kumtoa beki mmoja wa kati, si wote wawili. Wabadilishaji ni watano siku hizi, kwa nafasi tatu mbali na mapumziko, kwa hiyo kisingizio cha kuwahifadhia washambuliaji hakipo.

Kombe la Mapinduzi ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu mechi zinafuatana baada ya siku mbili tatu na mwili haurudi sawa chini ya saa 72. Kwa mechi tano, kikomo kiwe jozi nne zilizovunjika kwa mechi moja. Ya kwanza, ukuta kamili. Ya pili, badilisha beki mmoja wa pembeni: jozi moja. Ya tatu, wa pembeni wa upande mwengine pamoja na namba sita: tatu. Ya nne, kama hali inaruhusu, beki wa tatu wa kati aanze na wengine wote wawe wa kawaida: nne. Ya tano, rudisha ukuta kamili. Mashindano haya huamuliwa kwa kidogo; fainali ya 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 na ikaisha hivyo.

Timu inayovuka kwenda kucheza Gombani, Pemba, ivuke siku moja kabla. Bahari ya kusi ikimchafua mtu, akiwa beki wa pembeni mpumzishe bila kusita.

Ramadhani, punguza mbio, usipunguze mstari. Ile sehemu ya kutembea haihitaji maji wala nguvu, unaweza kuifanya dakika 15 kabla ya futari.

Na lini uuvunje ukuta wenyewe? Usiuvunje kwa kufungwa mechi moja na kelele za baraza. Andika mabao matano ya mwisho mliyofungwa, na kila bao uliweke kwenye jozi yake. Matatu yakitoka jozi moja, badilisha mmoja wa jozi hiyo, yule mwenye jozi chache: kati ya tatu na nne, ondoa tatu kwanza uone. Yakiwa yametawanyika, tatizo liko mbele yao, kwa wasiompa presha mwenye mpira, na beki mpya hatalitibu.

Makocha wengi hupenda kumpa kipa wa akiba mechi za kombe. Sipingi, ni jozi mbili tu. Ila siku moja kabla apigiwe kona nane na mipira mirefu kumi akiwa na mabeki wa kati walewale watakaoanza, na yeye ndiye aite.