TVZ ilitangulia, tena kwa miaka mingi

Hapana ndugu yangu uliyesema ITV ndiyo televisheni ya kwanza Tanzania na kwamba TVZ imekufa: ITV haikuwa ya kwanza. Ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kwa upande wa Bara, mwaka 1994, ikiwa ya watu binafsi. Zanzibar walikuwa na TVZ, yaani Televisheni ya Zanzibar, tangu 1973, na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, wakati Kenya jirani ilikuwa bado inaonyesha picha nyeusi na nyeupe. Hata Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo ya televisheni 1976.

Wazo lilikuwa la Mzee Karume, ila aliuawa Aprili 1972 kabla hajaiona ikiwaka. Bara Mwalimu aliiona televisheni kuwa anasa, redio ikatosha. Ndiyo maana Dar watu walifunga antena kwenye mlingoti mrefu, wakaielekeza baharini upande wa Zanzibar, mtu mmoja juu ya bati anazungusha, mwingine dirishani anapiga kelele "hapo hapo, usiiguse!" Chenga hazikuisha, lakini taarabu ilionekana.

Vipindi? Taarifa ya habari, taarabu, michezo ya kuigiza, mawaidha hasa Ramadhani, na kila Januari 12 sherehe za Mapinduzi. Hotuba zilikuwa ndefu mno, tuseme ukweli, maana chombo kilikuwa cha serikali na kilisema ya serikali.

TVZ haijafa kama ulivyodhani. Iliunganishwa na redio ya Sauti ya Tanzania Zanzibar, ndiyo hiyo ZBC ya leo, Shirika la Utangazaji Zanzibar.