Ukichoma dhahabu, mwambie daktari wa meno

Kijana mmoja wa Ikolomani, kule Kakamega kwenye machimbo ya dhahabu, ameniandikia. Fizi zinatoka damu kila akipiga mswaki, mate yanamjaa usiku hadi mto unalowa, na hata chai ya maziwa anaisikia ladha ya chuma. Ameshabadilisha dawa ya meno, anataka nimtajie iliyo bora zaidi.

Ndugu yangu, acha kutupa pesa. Nijibu kwanza: nani anachoma dhahabu hapo kwenu?

Mimi nilichoma kule Nyatike, Migori, kabla sijahamia Kisumu. Kazi mnaijua. Mwamba unasagwa, unga unaoshwa, zebaki inamiminwa kwenye karai na kukorogwa kwa mkono mtupu mpaka inanasa dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, donge unaliweka juu ya makaa. Zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Nilikuwa fundi, nisiseme uongo. Wanaume wazima walipanga foleni kuniletea madonge yao kwa sababu hakuna chembe iliyopotea mikononi mwangu. Mikono hiyohiyo ndiyo ikaja kutetemeka, lakini fizi zilitangulia.

Zilivimba, jino la chini likaanza kucheza. Nikaenda kliniki moja hapa Kisumu. Daktari akachungulia, akaniuliza kama navuta sigara, kisha akasema, wagonjwa wengine wakisikia, kwamba akina mama wa migodini hatujui mswaki. Mimi! Niliyelelewa na bibi aliyetukagua meno kabla hajatupa uji. Akang'oa, nikalipa, nikarudi kwenye makaa. Kazi yangu hakuiuliza. Jino nimeshalisahau, maneno yale bado.

Muuguzi aliyekuja kuniuliza ninafanya kazi gani alikuwa ameona tu nikishindwa kushika kalamu. Ndipo mkojo wangu ukapelekwa kupimwa zebaki.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta unapita mapafuni hadi kwenye damu, unaumiza neva na figo, na mdomoni unaleta fizi zilizovimba, mate mengi, ladha ya chuma, hata meno kulegea. Leso unayojifunga usoni haiuzuii. Inapunguza vumbi kidogo, nalo vumbi la mwamba ni adui mwingine: ukilisaga katikati ya meno siku nzima, linayala kama msasa. Sisemi kila fizi inayotoka damu ni zebaki. Uchafu wa kawaida na tumbaku hufanya hivyohivyo, na soda tunazoshushia mihogo shimoni hutoboa meno bila msaada wa dhahabu. Ndiyo maana inabidi upimwe, si kubahatisha.

Kwa hiyo ukiketi kwenye kile kiti, sema mwenyewe kabla hujaulizwa: ninachoma dhahabu, ninashika zebaki. Akikupuuza, rudia. Omba kipimo cha mkojo. Osha mikono kabla ya kula, na chakula kikae mbali na karai. Na sema kazi yako, nimesema tayari lakini nitasema tena, kwa sababu najua mtaona aibu kama nilivyoona mimi.

Halafu hili la kuchoma jikoni, kina mama wenzangu, tuliache. Mtoto amelala pale, pengine mwingine yuko tumboni, na zebaki hupita hadi kwake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaka nchi zikomeshe uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu, na Kenya imo. Lakini serikali haitakuja kukutolea jiko nje. Changeni kikundini mnunue retoti, kile chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke unapoa humo na zebaki inarudi, mnaitumia tena. Mwenye tamaa naye ana sababu ya kuinunua.

Kijana wangu, dawa ya meno yoyote yenye floraidi inatosha. Kapime mkojo, na mkeo umpeleke pia kama mnachomea nyumbani.