Tairi za gari la kulalia: kapime gari kwanza, duka baadaye

Tairi ya nyuma kulia ilinipasukia kati ya Maungu na Voi, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Anayeijua barabara ile anajua jua la saa hiyo. Sikuwa mbioni, nilikuwa kwenye themanini hivi, nyuma ya lori la makontena, nikingoja nafasi ya kulipita. Gari likaanza kutetemeka kama linalopita juu ya vijiti, nikadhani ni lami mbovu. Mara mlio mkubwa, sufuria zikaruka kabatini, mke wangu akapiga shahada.

Niliposhuka nilikuta ngozi yote ya juu imebanduka kama ganda la chungwa, nyaya za chuma zikining'inia. Tairi yenyewe ilikuwa na miezi minane. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa ndefu bado, kama za dukani.

Gari lenyewe ni HiAce, matatu ya zamani ya abiria kumi na wanne. Nilitoa viti, nikaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji la lita 80 na betri mbili za taa na friji ndogo. Tunakwenda nalo Watamu, Shimba Hills, Wundanyi kukiwa na baridi, na Tsavo mara mbili tatu kwa mwaka. Tangu nianze kulionyesha watu, swali ninaloulizwa zaidi ni la kitanda: kimetengenezwa wapi, mbao gani. Tairi haniulizi mtu. Na mimi pia sikuuliza, ndiyo maana nikalala Voi siku ile badala ya porini.

Muuzaji aliyeniuzia zile tairi alikuwa mcheshi, mwenye haraka. "Rimu kumi na tano, tairi kumi na tano. Wataka nini tena, ami?" Akanifungia 205/70R15, tairi za gari dogo. Ziliingia vizuri, zikawa laini barabarani, tena bei nafuu kuliko nilizotoa. Nikamshukuru kabisa.

Kosa langu lilikuwa kusoma namba za ukubwa na kuacha namba inayofuata. Baada ya ukubwa, ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine na herufi: kwa mfano 96H. Herufi ni mwendo, na kwa magari yetu haya si jambo la kukukosesha usingizi. Namba ndiyo uzito ambao tairi moja inaruhusiwa kubeba ikiwa imejazwa upepo wake kamili. Si kilo 96. Ni namba ya jedwali la kimataifa. 91 ni kilo 615. 96 ni kilo 710. 106 ni kilo 950. Tairi ambayo HiAce inaihitaji, ile 195R15C unayoiona kwenye matatu karibu zote, huandikwa 106/104: kilo 950 ikiwa peke yake upande mmoja, kilo 900 zikiwa mbili mbili kama nyuma ya lori. Ile C ya mwisho ni alama ya gari la kazi. Za Kijapani hutumia herufi LT. Pia utaona 8PR. Zamani hiyo ilikuwa idadi ya matabaka ya kitambaa ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, usitegemee kukuta matabaka manane ukiipasua.

Namba hizo zote hazina maana kama hujui gari lako lina uzito gani. Na hapa ndipo gari la kulalia linapoachana na matatu. Matatu hujaa Mwembe Tayari, ikafika Mtwapa imebaki na watu sita. Gari letu halishushi abiria. Kitanda, kabati, maji na gesi vimo humo usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa uani kwa wiki tatu. Tairi zake zinabeba wakati wote.

Baada ya mkasa wa Maungu nilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kule Changamwe, wenye mizani ya malori. Wale vijana walicheka, wakafikiri nimekuja kuuza gari zima. Mizani kama hizo ziko pia kwenye vinu vya unga na yadi za kokoto; bakshishi kidogo na adabu vinatosha. Nenda kama unavyosafiri: tangi limejaa, gesi imo, mafuta yamo, watu wamo, hata mkaa na godoro la wageni. Pima magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Kisha, kama sakafu pembeni ya mizani iko sawasawa na mizani yenyewe, waombe wakuachie upande mmoja tu wa nyuma ukanyage. Hapo wengi husema haina haja. Sisitiza.

Langu lilikuwa na kilo 1,240 mbele na 1,560 nyuma. Ningeishia hapo ningegawa kwa mbili nikapata 780 kila tairi. Lakini mimi, kwa ufundi wangu wote, nilikuwa nimeweka tangi, betri na kabati upande mmoja. Nyuma kulia ilibeba 860, kushoto 700. Tairi yenye uwezo wa kilo 710 nikaibebesha kilo 150 za ziada. Mimi ni mtu wa Bamburi, hesabu zetu ni za simiti: hiyo ni mifuko mitatu ya kilo hamsini juu ya gurudumu moja, kila siku kwa miezi minane. Ajabu si kwamba ilipasuka. Ajabu ni kwamba ilinifikisha Maungu.

Betri nimezihamishia kushoto tangu hapo.

Sasa upepo, maana tairi nzuri huuawa na upepo mdogo. Wale vijana wa kituo cha mafuta wana mkono mmoja kwa magari yote: paundi 35. Tairi ya C ya 8PR hufikisha uwezo wake kamili kwenye paundi 65 hivi, na kikomo hicho kimeandikwa ubavuni. Ukiipa 35 na mzigo wangu, ubavu unapinda na kunyooka kila mzunguko, unapata joto, na joto ndilo linaloachanisha ngozi ya juu na nyaya za ndani. Lami ya Februari huongeza tu moto juu ya moto. Mimi sasa naweka 60 nyuma na 45 mbele. Usiige namba zangu. Anza na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kisha tazama jedwali la mtengenezaji wa tairi, linaloonyesha upepo kwa kila uzito. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima umefika Mtito Andei utakuta imepanda, na mtu atakushauri uupunguze. Usikubali, ule ni joto, utashuka wenyewe. Nunua na geji yako, usitegemee ile ya kituoni iliyoangushwa mara elfu.

Upepo huo mwingi unadai kitu kingine kidogo ambacho fundi hakutajii: valvu. Valvu za kawaida za mpira zina mwisho wa paundi 65 zikiwa baridi, na kwa jua na chumvi yetu hupasuka shingoni mapema. Dai za chuma. Ni pesa kidogo ukilinganisha na tairi.

Umri wa tairi ndio uliozua mabishano makali zaidi kati yangu na fundi wangu, mzee ninayemheshimu, aliyefunga tairi za matatu tangu mimi nikiwa shule. Kwake, tairi ni kashata. Akiingiza ukucha ukapotea, tairi nzima. Kwa matatu yuko sahihi, kwa sababu tairi ya matatu hukwisha kashata kabla haijapata nafasi ya kuzeeka. Yetu ni kinyume. Kwa mwaka naenda labda kilomita elfu saba. Kashata zitadumu miaka kumi, lakini mpira hautadumu. "Mzee wangu," nikamwambia, "hii itakufa ikiwa na meno yote." Akacheka, ila hakukubali.

Tarehe iko kwenye namba nne zinazofunga maandishi yanayoanza na DOT: 3419 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019. Tahadhari, mara nyingi tarehe huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akiifunga ikaangalia ndani utalazimika kulala chini ya gari kuisoma. Isome ikiwa bado imesimama ukutani dukani. Watengenezaji kadhaa husema tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na isizidi kumi hata ikionekana mpya. Kwangu, kwa joto la Mombasa na gari linaloshinda juani, mwisho ni sita. Na dukani sipokei iliyozidi mwaka mmoja na nusu tangu itengenezwe.

Kwa sababu hiyo za mtumba nimezipa kisogo. Si ubaguzi. Zinapakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, nyufa za ubavuni zikajificha, na nyingine zimechongwa kashata upya kwa kisu cha moto mpaka karibu na nyaya. Kwa gari dogo la kwenda Kongowea na kurudi, shauri yako. Kwa gari unalolalia na watoto ndani, hapana.

Kuhusu chapa sina mengi. Zamani jibu lilikuwa jepesi, ulinunua Yana iliyotengenezwa Nairobi, lakini kiwanda kile kilifungwa mwaka 2016. Leo tunachagua kati ya Kijapani, Kihindi, Kichina na za Ulaya, na naona afadhali tairi mpya ya Kichina yenye namba ya uzito sahihi kuliko jina kubwa lenye namba ndogo. Ukisoma maandishi ya Wazungu utakutana pia na herufi CP. Hizo ni tairi zilizotengenezwa mahsusi kwa magari ya kulalia, zinazokubali upepo zaidi kwa vile gari husimama muda mrefu na mzigo. Hapa mjini sijaziona, na HiAce yenye C ya kweli haizihitaji.

Kashata za porini au za lami? Nilizitamani zile nene, kwa picha tu. Safari zangu nyingi ni lami hadi Bachuma au Voi, halafu udongo mwekundu kwa mwendo wa kobe. Za lami zinatosha, hazina kelele nyingi, na kwenye mvua za Aprili zinashika breki vizuri. Anayekwenda kila mwezi kwenye mawe ya Shetani kule Tsavo West anaweza kufikiria vingine, mradi namba ya uzito ibaki ile ile.

Ukibadilisha mbili tu, mpya ziende nyuma. Fundi atataka kuziweka mbele kwa sababu ndiko usukani. Lakini nyuma zikiteleza kwenye maji, usukani hauna la kukusaidia. Na akikuta pancha akupendekezee tyubu ndani ya tairi isiyo ya tyubu, mwambie asante, azibe kwa kiraka cha ndani. Ikiwa tundu liko ubavuni, hiyo ni ya kutupa. Nati kaza tena baada ya kilomita mia moja.

Limebaki la spea. Siku ile Maungu nilikuwa nayo, nzima, imening'inia chini ya gari kwa mnyororo wake. Mnyororo ulikuwa umeshikana kwa kutu ya bahari, haukuteremka. Taniboi wa lori la saruji aliingia chini ya gari langu na nyundo na dizeli kwenye chupa ya soda, akatumia saa nzima na robo, akakataa pesa, akachukua soda mbili baridi kutoka kwenye friji yangu. Sasa kila mwanzo wa mwezi nateremsha spea hadi chini, napaka grisi, napima upepo, narudisha juu.