Kabla hujanunua kontrola ya ampea nyingi kwa kigari chako cha umeme

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mji umejaa malori, mzee mmoja anayeendesha vigari vya wageni kule Mikindani akanipigia simu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akaingia kwenye shida yake: "Fundi, gari linakata pumzi mlimani. Abiria wanne tu, likifika katikati linagoma, wageni wangu wanashuka wanasukuma." Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ni kontrola ndogo, tuweke kubwa." Nilisema hivyo kabla sijaligusa gari, na hilo ndilo kosa lililotugharimu wote wawili.

Vigari hivi vilitengenezwa kwa viwanja vya gofu. Kile cha mzee kina betri 6 za volti 8, jumla volti 48, na kontrola yake imeandikwa ampea 275. Kontrola hukaa kati ya betri na mota. Ukikanyaga eksileta, yenyewe ndiyo inayoamua umeme kiasi gani upite, na haiwezi kuvuka kikomo chake. Wengi wanachanganya mambo mawili hapa. Mwendo wa mota kwenye tambarare unatawaliwa zaidi na volti. Nguvu ya kuzungusha tairi, ile inayoliondoa gari kwenye mchanga wa Msimbati au kulipandisha mlima, inatokana na ampea. Kwa hiyo mtu anayenunua kontrola ya ampea 400 ili akimbie zaidi barabarani atasikitika, maana kwenye tambarare mota haihitaji hata nusu ya ampea 275. Tofauti ataiona akianza kuondoka na akikutana na mlima.

Na tofauti hiyo ni ya kweli. Volti 48 kwa ampea 275 ni wati 13,200. Kwa ampea 400 ni wati 19,200. Ila kile kiwango kikubwa kinachoandikwa kwenye boksi ni cha muda mfupi. Kontrola ikipata joto hujipunguzia ampea yenyewe ili isiungue, na kwa jua letu la Novemba joto halichelewi. Uliza inamudu ampea ngapi mfululizo.

Basi tuliagiza kontrola ya 400 kutoka Dar, nikaifunga, gari likapanda mlima kama limesahau kwamba lina abiria. Mzee alifurahi sana. Siku ya tatu akanipigia tena, gari limezima njiani na kuna harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoinua kiti niliona lagi moja, yaani kile kishikio cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya, imegeuka nyeusi, ganda la waya limelainika na kujikunja, na kichwa cha betri kimeyeyuka upande mmoja. Tone la madini ya risasi lilikuwa limeganda juu ya mfuniko, linang'aa kama shilingi mpya. Chini ya lagi ile kulikuwa na ukoko wa kijani, kazi ya upepo wa chumvi wa bahari yetu, na nati ilizunguka kwa vidole. Vyote hivyo vilikuwepo siku niliyofunga kontrola, nami sikuvitazama.

Joto kwenye waya haliongezeki kwa kadiri ile ile ya ampea. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, ukiwa na urefu wa jumla wa mita 4, kwa ampea 400 unakula karibu volti 1.7, yaani wati 690 hivi zinazoishia kuwa joto tu. Ukiweka wa milimita za mraba 35, upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.8. Hapo sijahesabu lagi zenye kutu, ambazo ni mbaya kuliko waya wenyewe. Solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku inayounganisha na kukata umeme wa betri, nayo lazima iwe ya kiwango cha kontrola mpya, la sivyo mapleti yake ya ndani yataungua au kugandana, na ukizima ufunguo umeme haukatiki.

Siku hizi naanza na mita ya kupimia volti. Napima betri zikiwa zimetulia baada ya kuchajiwa. Seti nzima ya 48 inatakiwa isome karibu 51. Kisha namwomba dereva apande mlima na mzigo kamili huku nikisoma kila betri peke yake. Ikiwepo moja inayoporomoka kuliko wenzake, ugonjwa ni huo, na kontrola kubwa itaimaliza haraka zaidi. Baada ya hapo naweka ncha za mita kwenye miisho miwili ya kila waya, gari likiwa linavuta. Waya usio na kasoro hausomi kitu cha maana. Ukisoma nusu volti kwenye kipande kifupi, umempata mwizi.

Kama bado kontrola inahitajika, angalia kwanza aina ya mota. Yenye alama S1 na S2 pamoja na A1 na A2, zote na nyaya nene, ni ya siris, yaani umeme ule ule unapita koili zote kwa mfuatano. Yenye F1 na F2 za nyaya nyembamba inataka kontrola ya aina nyingine kabisa, hazibadilishani. Na kabla ya kushika spana vua pete na saa, tenganisha betri, ukumbuke kwamba ndani ya kontrola kuna kapasita zinazobaki na umeme.

Gari la mzee nililibadilishia nyaya zote na solenoidi, na betri iliyoyeyuka tukaiondoa. Gharama ya kazi sikumtoza. Kigari chake cha pili kilikuwa na malalamiko yale yale ya mlima. Hicho nilisafisha vichwa vya betri kwa bekingi soda na maji, nikakata lagi zilizooza na kubana mpya, nikapaka vaselini kuzuia chumvi, na maji ya betri yaliyopungua nikayaongeza. Kinapanda na abiria wanne mpaka leo, kwa kontrola yake ile ile ya ampea 275.