Saa ya bronzi kugeuka rangi sio feki mkuu

Mkuu huyo fundi wa Kariakoo aliyekwambia saa yako ya kuzamia ni feki eti kisa imekuwa kahawia na kuota ukijani baada ya kuogelea Kigamboni kakupiga fiksi, bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, ikikutana na jasho na chumvi na hili joto letu la Dar lazima ibadilike. Yangu mwezi tu ikawa kama ile senti tano ya zamani. Geuza uone mfuniko wa nyuma, nyingi wanaweka stili au titani ili mkono usichafuke. Ukitoka baharini suuza na maji ya bomba, huo ukijani sugua kwa mswaki laini. Ndimu inang'arisha, ila mi hiyo rangi ndo naipendea. Na kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira kizungushe kikaze kabla hujazama, maji yakiingia ndo utalia.