Barua kwa mwanangu juu ya ile sahani

Mwanangu,

Ile odio yako niliisikiliza mara tatu mbele ya kujibu. Unauliza juu ya nini nilitengaka sahani ya mama yako mudogo, na weye ulikuwa unamulisha na kijiko, unamalizia na sombe yenye alibakisha, sasa ile ugonjwa itakufikia?

Hapana. Creutzfeldt-Jakob, ile ugonjwa ya ubongo yenye ilimuua, haipiti kwa mate, haipiti kwa sahani wala kwa kulala kitanda moja. Mimi nilitenga kwa woga tu, kisha nilipojua nikaona haya kukuambia.

Munganga wa Kigali, kisha ya kuangalia IRM, ile picha ya ndani ya kichwa, alitueleza hivi: kwa ubongo ya kila mutu kuko protini fulani ya kawaida, siku ingine moja inajikunja vibaya, ndiyo banaita prioni, na ile mbaya inakunja ya pembeni, nayo inakunja ingine, mpaka ubongo inatobokatoboka kama sponji. Haiko mikrobe, haiko virusi. Stanley Prusiner, munganga wa Amerika, alipoanza kusema ile maneno bengi balimukatalia kabisa, lakini 1997 bakamupa Nobel.

Unakumbuka alianza kupotea njia ya nyumba yake mwenyewe kule Kadutu, kisha anatembea kama mulevi, kisha mikono inarukaruka? Miezi ine tu, akaenda. Kule kwa chumba cha maombi balisema ni mukono ya mutu, bakaomba dola 100, na mimi nikatoa, usinicheke.

Dawa haiko. Na hakuna mwenye alimupatia: kwa bagonjwa 100, kama 85 inajianzia yenyewe, mutu moja ao babili kwa milioni kila mwaka. Kuko ugonjwa ingine ya namna ile inaitwa kuru, kule Papua Guinea Mpya, batu ba kabila ya Fore balikuwa banakula batu babo benye balikufa, kwa heshima, ndiyo ilipitia pale. Weye ulikula sombe.

Yenye ninaogopa kidogo ni ya kurithi, maana kwa 100 kama 10 mpaka 15 iko ya jamaa. Kwetu sijaona mwingine, babu yako alikufa na miaka 81 akiwa anahesabu deni za batu bila karatasi, lakini jene hatukupima, basi sitakuapia. Ukitaka kupima, uniambie kwanza, tuende babili.

Ile sahani ilikuwa bado peke yake kwa kabati. Jana niliiosha pamoja na zingine.

Mama yako, Bukavu