Kufuta historia ya kivinjari hakutoshi

Dada yangu, umeuliza kama kufuta historia ya kivinjari kunatosha ili mumeo anayekutesa asijue unatafuta msaada. Hakutoshi. Programu ya upelelezi ikishawekwa kwenye kompyuta huweza kurekodi kila herufi unayobonyeza, nywila zikiwemo, na kupiga picha za skrini kimyakimya. Ukifuta historia, mumeo bado anaweza kuwa na nakala yake. Tena historia tupu yenyewe humtia mtu kama huyo shaka. Tumia kifaa asichowahi kukigusa, cha rafiki unayemwamini au cha maktaba, na ufungulie huko barua pepe mpya. Nakusihi, usiiondoe programu hiyo kwa pupa: akigundua umeijua anaweza kuzidisha ukatili, na ushahidi utapotea. Tafuta kwanza pa kukimbilia.